Refa alimsalimia rafiki yangu badala ya kurusha kitambaa

Wakuu, heshima yenu nyote, mlioamka na mnaosinzia kazini.

Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, sijasimuliwa. Mwenye mkasa mwenyewe kaniruhusu niyaweke, na ana sababu yake. Mtaiona huko chini.

Kwanza niseme nina hasira.

Jumatatu hii tulikuwa tunaangalia highlights za American football, mimi na rafiki yangu Fide. Timu sizitaji, msije mkaanza kurushiana maneno. Jamaa karuka juu kudaka mpira, beki kaja mbio kamgonga helmeti kwa helmeti, jamaa kalala chali. Refa yupo pale pale. Hakufanya kitu. Jamaa kainuka anayumba, mtangazaji anasema yuko fiti, mchezo ukaendelea.

Muda si mrefu mwingine kafunga, kacheza kidogo kwa furaha. Kitambaa cha njano kikarushwa!

Nikapiga meza hadi simu za wateja zikaruka. Mimi ni fundi simu hapa Mlandege, Iringa, na jirani zangu wameshazoea kelele zangu.

Mtauliza, fundi simu wa Mlandege na mpira wa Wamarekani wapi na wapi. Subirini.

Miaka kadhaa nyuma Ketan, kijana wa Kihindi ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani, alirudi kutoka masomoni Marekani. Wenzake wanarudi na vyeti na mabegi. Yeye alirudi na mpira uliochongoka ncha mbili.

Sisi tuliuita parachichi. Hadi leo kwangu ni parachichi.

Kwa asiyeujua mchezo: mpira unashikwa kwa mikono na unakimbia nao, na wapinzani wanaruhusiwa kukuangusha. Kukugonga kichwani hawaruhusiwi. Refa akiona kosa anarusha chini kitambaa cha njano, watu wa kosa wanarudishwa nyuma. Hayo yanatosha.

Ketan alitukusanya jioni kwenye uwanja wa shule. Mimi, wapakiaji wa dukani kwao, madereva wa bajaji, mwalimu wa kwaya mmoja wa Kilutheri ambaye alikuwa na mbio za ajabu. Helmeti hatukuwa nazo. Siku moja tulijaribu kofia za bodaboda. Hakuna aliyeuona mpira, tukagongana wenyewe kwa wenyewe kama mbuzi, Ketan akazipiga marufuku.

Wakuu, sijawahi kucheka kama nilivyocheka mwaka ule. Baridi ya Iringa mnaijua, lakini sisi tulikuwa tunatoka jasho na vumbi, halafu tunakaa kwenye ukuta wa shule tunakula mahindi ya kuchoma na kubishana nani kamwangusha nani. Wengi wametawanyika sasa. Ketan yuko Kanada. Uwanja wenyewe umejengwa madarasa, na ni jambo jema, watoto wanasoma. Ila nikipita pale huwa napunguza mwendo.

Mchezaji wetu bora alikuwa huyu Fidelis, sisi tunamwita Fide. Mhehe wa Kalenga, mpakiaji dukani kwa kina Ketan. Mikono yake ni mirefu, ukimrushia parachichi popote atalifikia.

Na alikuwa na adabu kupita kiasi. Mama yake aliwalea kwa salamu. Fide akipita sokoni anachelewa kwa sababu anamsalimia kila mtu hadi mwisho: wa nyumbani, wa shambani, na ng'ombe kama wapo. Tulikuwa tunamtania kwamba siku ya kiyama atamsalimia kwanza malaika ndipo ahukumiwe.

Basi, tukasikia Mbeya kuna kundi lingine linacheza mchezo huu. Walifundishwa na mzungu mmoja aliyekuwa anajitolea huko. Tukaongea kwenye simu, tukakubaliana twende.

Tatizo likawa refa. Wao hawamtaki wa kwetu, sisi hatumtaki wa kwao. Mwisho tukapata Mwalimu Sanga, Mkinga wa Makete, mstaafu, anaishi Mbeya, kachezesha soka la mitaani maisha yake yote. Si Mhehe wa kwetu wala Mnyakyusa wa kwao. Ketan akamtumia sheria wiki nzima kwa simu, na mzee akazisoma kweli. Mke wake akamshonea kitambaa cha njano, pembeni akatia maharage ili kikirushwa kisipeperuke.

Kwenye zile sheria kulikuwa na jambo moja. Mchezaji akigongwa kichwa, aulizwe maswali: leo siku gani, tuko wapi, tunacheza na nani. Akikosea, anatoka.

Mwalimu Sanga hakuyapenda maswali. Alituambia kabla ya mechi, tumesimama duara, "Wanangu, majibu ya hayo mtu anaweza kukariri. Mimi nina kipimo changu. Mtu akipotewa na akili, salamu ndiyo inayotangulia kupotea. Nitamsalimia kwa lugha ya kwao. Akiitika vizuri, mzima."

Tukacheka, tukakubali. Nawaambieni ukweli, lilionekana jambo la busara kabisa. Mzee wetu kaleta kitu cha kwetu kwenye mchezo wa watu.

Mechi ikaanza. Watu walijaa pembeni wakidhani ni rugby, wengine wakidhani ni ugomvi. Ketan akafunga, akacheza kidogo pale. Mwalimu kitambaa chini! Utovu wa nidhamu. Tukarudishwa nyuma.

Nikasema moyoni, sawa, huyu mzee ni mkali, leo tuko salama.

Kipindi cha pili Ketan akarusha mpira mrefu. Fide akaruka. Wakuu, nafunga macho sasa hivi naona. Karuka akiwa kaupa uwanja mgongo, mkono mmoja umenyooka, parachichi likatulia kwenye kiganja kama limewekwa na mtu. Uwanja mzima ulifanya "aaah".

Bado yuko hewani, akaja kijana wao mmoja, Ambakisye, mtu wa miraba minne. Alikuja na kichwa mbele. Akamgonga Fide chini ya sikio.

Sauti yake ilikuwa kama gunia la mahindi limeshushwa kutoka juu ya lori. Fide akaanguka, mpira kaukumbatia kifuani, hatikisiki.

Nikawa mbogo. Nilikuwa nakimbia huku napiga kelele, "Kitambaa! Mwalimu, kitambaa!" Mwalimu hakugusa mfuko. Akapiga magoti pembeni ya Fide, akamwinamia.

"Kamwene, mnyalukolo."

Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya Kihehe, na mnyalukolo ni ndugu.

Fide akafumbua macho. Akajiinua akakaa. Akamshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Kamwene, baba."

"Za nyumbani?"

"Nzuri, baba. Mama hajambo? Watoto?"

"Hawajambo. Shamba?"

"Tunashukuru Mungu, baba."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasimama na uso wa furaha. "Huyu mzima. Mpira uendelee."

Nikamwambia, "Mwalimu, hata kama ni mzima, amegongwa kichwa. Kosa ni kosa."

"Fundi, aliyeumia yuko wapi? Nimwadhibu kijana wa watu kwa lipi?"

Hapo ndipo ninapogombana na marefa hadi leo, wa Mbeya na wa Marekani. Wanasubiri mtu asiamke ndiyo wajue kosa limetendeka. Akiamka, hakuna kosa. Tangu lini? Mtu akikurushia panga likakukosa, tunamwacha aokote arushe tena?

Niliendelea kubwabwaja, Mwalimu akanitishia kitambaa. Nusura nirushiwe mimi!

Tukajipanga upya. Fide akaenda kusimama upande wa Mbeya. Watu wakacheka, wakadhani anawatania Wanyakyusa. Ketan akamvuta mkono akamrudisha, naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilimtazama macho, yalikuwa yananipita.

"Fide, kaa nje."

Akaniambia kwa upole, "Tukifika Mbeya nitakaa."

Nikageuka kumwita Ketan, nimechelewa. Mpira umeshaanza, Fide kaupata, anakimbia nao. Anakimbia wima, kifua wazi, kama anawahi basi. Na mbele yake anakuja Ambakisye yule yule kwa kasi ile ile.

Sikuwahi kuogopa vile maishani mwangu. Baadaye daktari alitueleza kwamba kichwa kikishatikiswa, pigo la pili ndilo linaloua. Mimi sikulijua hilo siku ile, lakini mwili wangu ulijua.

Fide alipomwona Ambakisye akasimama. Akaweka mpira chini. Akainamisha kichwa, mikono miwili mbele.

"Kamwene, baba."

Ambakisye alikuwa mdogo kwa Fide, ndevu hazijamkolea. Na alikuwa katikati ya mbio. Wakuu, yule kijana alijigeuza ubavu, akapita pembeni, akaanguka mwenyewe chini kwa kishindo. Akainuka, akarudi akamkumbatia Fide, akakaa naye chini taratibu.

"Mwalimu!" aliita, na sauti ilikuwa ya kulia. "Mwalimu, huyu hayupo! Ananiita baba!"

Mechi iliishia hapo. Gari ya mzazi wa mchezaji mmoja wa Mbeya ikampeleka Fide hospitali, Ambakisye kamshikilia kichwa njia nzima. Sisi wengine tulifuata nyuma.

Mungu ni mwema, Fide alipona. Maumivu ya kichwa yalimsumbua muda mrefu, lakini alipona. Leo ananunua vitunguu Ruaha Mbuyuni anauza hapa mjini, ana mke na binti mmoja mtundu.

Mwalimu Sanga alikuja wodini kesho yake na mke wake na uji kwenye chupa. Fide akamsalimia vizuri sana, akamuuliza, "Baba, tulishawahi kuonana?"

Mzee alikaa kwenye kitanda cha jirani. Kisha akaniambia mimi, "Fundi, nimepima adabu, nikadhani nimepima akili."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Badala yake nikaipokea chupa ya uji.

Mama yake Fide tulipomweleza alisikitika, halafu akatikisa kichwa. "Huyo? Tangu mdogo akiwa usingizini ukimsalimia anaitika. Mngeniuliza."

Hilo ndilo funzo langu, wakuu. Mtu kuinuka siyo ushahidi kwamba hakuumizwa. Refa ahukumu pigo lenyewe, asisubiri kuhesabu majeruhi. Na kama unasimamia vijana popote, soka, ndondi, hata mchakamchaka wa shule, mtu akigongwa kichwa mtoe. Atachukia, mtoe hivyo hivyo.

Sasa sababu ya Fide kuniruhusu niandike.

Siku ile yote haikurudi. Anakumbuka kupanda basi Iringa, halafu anakumbuka dari la wodi. Katikati hakuna kitu. Siku aliyocheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake, yeye hakuwepo.

Jumatatu nilipopiga meza kumlaani yule refa wa Marekani, Fide hakunisindikiza kwenye hasira. Alikuwa anatazama marudio, yule jamaa anavyoruka. Akaniuliza tena swali ambalo huwa ananiuliza.

"Mwanangu, hivi mimi niliudaka?"

"Uliudaka. Mkono mmoja."

"Au nilipoanguka uliniponyoka?"

"Uliukumbatia hadi chini, Fide."

Akatabasamu. "Wewe ni rafiki yangu. Ungesema hivyo hata kama ningeudondosha."

Hatukuwa na video. Ketan nilimpigia akasema aliudaka, Fide akasema huyo naye ni rafiki. Mwalimu Sanga ametangulia mbele za haki. Ambakisye nilisikia yuko Tunduma au amevuka mpaka, namba yake haipatikani.

Kwa hiyo comments ziko wazi. Wenye la kusema kuhusu marefa semeni, nitajibu wote, na mnajua nitajibu vipi.

Lakini kama ulikuwa pembeni ya ule uwanja wa Mbeya siku ile, na hukuwa mtu wetu, hasa kama ulikuwa unashangilia Mbeya na ulituchukia, naomba uandike ulichokiona. Fide ameketi hapa pembeni yangu, ananisubiri nimsomee.