Mdundo wa Mbio wa Erastus

Nilikuwa juu ya ngazi, nikiokota betri za Erastus kwenye paa la jiko kabla mvua haijazilowesha, Osundwa, mkata miwa mwenzake, alipoingia uani akikimbia, panga la kukatia miwa lingali mkononi. Aliniita, "Phoebe!" kisha akasema, "Ni radi. Tulikuwa tumejikinga chini ya mti kule shambani. Sisi tumeinuka. Erastus hajainuka."

Nilishuka na betri nimezifunga kwenye leso. Sikumbuki nilizitua wapi. Mama alikuwa mlangoni, amekwisha kusikia. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Maneno hayo nayajua tangu utoto, lakini siku ile hayakunitoka mdomoni.

Erastus alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Miaka ile biashara ya sukari ilikuwa imenoga. Matrekta yalivuta miwa tangu alfajiri, na kila boma hapa Lurambi lilitaka mabati mapya. Wakata miwa wenzake walinunua baiskeli. Yeye alinunua redio ya kanda. Kanda yenyewe aliachiwa na mwalimu Mwingereza aliyefundisha upande wa Mukumu, alipokuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya muziki wa vijana wa huko unaoitwa panki: watu wanapaza sauti kama wanaogombania mpaka wa shamba, na nyuma yao ngoma zinakwenda mbio ajabu.

"Hizi ngoma zinafukuzwa na nani?" mama aliuliza.

"Hazifukuzwi, mama. Zinawahi."

Mwanzoni alishindwa kabisa kuupiga mdundo ule. Mkono ulifika, mguu ukabaki nyuma. Kisha betri zikaanza kwisha, kanda ikajivuta, mwimbaji akanguruma kama fahali, na Erastus akasikia kila pigo likisimama peke yake: mguu, mkono, mguu, mkono. Tangu hapo hakutaka betri mpya za kujifunzia. Alianza na zilizochoka. Akiuzoea mwendo huo, alizianika juani juu ya paa. Zikapata nguvu kidogo, kanda ikaongeza mwendo, naye akaufuata. Siku alipotia betri mpya, mguu na mkono wake vilipokezana bila kuachana.

Ngoma zake aliziunda mwenyewe. Pipa la molasi alilipiga kwa pedali ya baiskeli, debe akaliwamba ngozi ya mbuzi, na sahani ya plau ya trekta akaining'iniza iwe upatu. Swaleh, rafiki yake wa Mumias, alikuwa akija na gitaa Jumamosi, na walipopumzika Erastus alimfundisha kupiga ngoma kwa zile betri zilizochoka.

Baba yetu, Philemon Shikanga, ni mzee wa kanisa, na Erastus ndiye aliyepiga ngoma ya kanisa. Krismasi moja alijisahau, akauachia mwendo wake katikati ya wimbo. Akina mama waliruka hadi vitambaa vya kichwa vikawaanguka. Baba akamwita nje.

"Unapiganga mbio hivyo, kwani Mungu ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali?"

"Hapana, baba. Ni furaha tu."

"Furaha ina adabu. Huo mdundo nisiusikie tena kanisani wala katika boma langu."

Erastus alihamishia vyombo vyake kando ya miwa. Kanisani akapiga polepole, kwa utii.

Kwa hiyo radi ilipomuua, watu wakaanza kusema. Matangani kulinong'onwa kwamba mbingu imeijibu ile ngoma. Mama aliyasikia hayo akiwa ameketi chini na wanawake. Kifo alikuwa ameanza kukikabidhi kwa Mungu. Kuzikwa kwa mwanawe kama mtu aliyelaaniwa hakuweza kukubali.

Swaleh alifika kutoa pole, akasimama mbele ya baba ameshika kofia yake.

"Mzee, tunaomba kumpigia mdundo wake. Tutakaa huko huko kwenye miwa, tusiwasumbue."

Mama ndiye aliyesema.

"Baba Phoebe, ukiwakataza leo, watu watasema hata wewe unaamini ni hukumu. Unaamini?"

"Siamini. Radi ilipiga mti. Mwanangu alikuwa chini yake."

"Basi waambie watu."

Baba akamgeukia Swaleh. "Leta vyombo vyake hapa uani. Si kwenye miwa."

Tulimzika Jumamosi, kando ya kaburi la nyanya yetu. Mchungaji aliposoma Neno, baba alisimama mbele ya watu wote. "Huyu ni mtoto wa kanisa," alisema. "Ngoma hii niliikataza mimi. Mungu hakuikataza." Akaketi.

Swaleh aliketi nyuma ya pipa. Alianza polepole, kwa mwendo wa wimbo wa kanisa, na akina mama wakaimba. Akaongeza, akaongeza tena, hadi ukawa ule wa Erastus. Akina mama walishindwa kuufuata kwa sauti, wakabaki kupiga makofi. Mama alisimama, akapiga nao.

Swaleh alipoacha kupiga, vijana walishusha jeneza kwa kamba. Baba alitupa udongo wa kwanza, kisha mama, kisha mimi. Majembe yakajaza kaburi, msalaba wa mbao ukasimamishwa. Mchungaji alifunga kwa sala, nasi tukaenda kunawa mikono.