Kijitabu cha Con Quilty

Saa moja asubuhi, baridi ya mtaa wa Footscray inakata. Merv Hanrahan anarudisha lori kinyumenyume hadi mlangoni kwa marehemu asiyemjua. Makochi yatakwenda mnadani, magodoro jalalani. Kabla hajagusa chochote, anawauliza wafiwa: "Karatasi za zamani mmeziweka wapi?"

Kuhamisha vitu vya wafu ndiyo kazi yake tangu ujana. Mapenzi yake ni vijitabu vya siasa vya wakati wa vita, toleo la kwanza tu. Vimejaa chumba kizima.

"Mke wangu huniambia, 'Merv, iko siku utahamishwa wewe,'" anasema, akicheka kidogo.

Kimoja hakimo tena. Kiliandikwa mwaka 1940 na kuli wa bandarini, Con Quilty, kupinga vita. Serikali iliamuru nakala zake zote zichomwe. Nakala ya Merv ilisalimika chini ya zulia, kurasa zake bado zimeshikana ukingoni kama zilivyotoka kwa mchapaji. Kuisoma kulitaka kisu, na kisu kingeishusha thamani. Miaka kumi na mmoja hakuikata.

Kisha Una, dada yake Con, mwenye umri wa miaka tisini na sita, akapata habari za nakala hiyo, akamwita Merv kwenye makao ya wazee.

"Nilizikunja mimi hizo, mezani kwa mama," Una alimwambia. "Halafu wakampeleka Con vita hiyohiyo, akafia Guinea Mpya. Sikubaki na hata moja. Lete hapa, mwanangu."

Merv akampa. Bibi akachukua kisu cha siagi, akaanza kupasua kurasa.

"Nilitamani kupiga kelele," Merv anakumbuka. "Mwenzangu anasoma, anacheka, machozi yanamtoka. Nikamuuliza, 'Kasemaje, bibi?' Akanitazama. 'Umekaa nacho miaka yote hiyo, leo ndiyo unauliza?'"

Merv hakuwa na moyo wa kukidai. Una alifariki kabla ya Pasaka na, kwa wosia wake, mwili wake ulichomwa pamoja nacho. Merv hajasikia habari za nakala nyingine.

"Kukitoa sijutii," anasema, akikaza kamba za lori. "Najuta nilivyoyalinda maneno ya mtu bila kulijua hata moja."

Siku hizi, kila Jumapili, hukata kijitabu kimoja na kumsomea mkewe kwa sauti. Thamani inaporomoka, mkewe naye hamwachi amalize ukurasa bila kubishana.

Anaamini nakala nyingine ya Con imejificha kwenye banda la mtu.

"Nikiipata, nitaisoma palepale mlangoni," anasema. "Wenye nyumba watanisubiri."