Mwaka wa Kula Bila Kunenepa

Jumamosi moja asubuhi nilifua mablanketi yote ya nyumba, nikapalilia mahindi, nikakandika ukuta wa jikoni kwa udongo, na jua lilipokuwa bado juu nikasimama uani nikitafuta kazi nyingine. Sikuwa nimechoka. Ama nilikuwa nimechoka lakini miguu haikujua. Nilipokaa, magoti yaliruka yenyewe. Nilipolala, moyo ulidunda kama mtu anayepanda mlima.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya kutwa karibu na Kiminini. Nilizaliwa upande wa Kitale, kwa watu waliohamia huko kutoka Mkoa wa Kati kutafuta mashamba, nikaolewa na mtu wa Myanga. Mume wangu alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma. Alikuja nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Siku nyingine tulikuwa mimi na binti yetu mdogo, katika vyumba viwili vya kupanga, na kipande cha shamba nyuma.

Na nilikuwa nakula. Asubuhi chai na viazi vitamu, saa nne mandazi ya shule, mchana githeri sahani mbili, jioni ugali ambao zamani ungetutosha sisi watu wazima wawili na ukabaki. Bado sketi zangu zilikuwa zinateleza kiunoni. Nilizikunja, nikazishika kwa pini, baadaye nikafunga kamba ndani. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Kitale watu hawavui sweta, na mimi nilikuwa nafungua madirisha ya darasa huku wanafunzi wakijikunyata.

Nakumbuka somo moja vizuri. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili juu ya vimeng'enya, vile vitu vidogo mwilini vinavyofanya chakula kivunjwe na kujengwa upya haraka, bila vyenyewe kuisha. Nilikuwa nimenunua maini kwa mchinjaji. Ukidondoshea maini mabichi dawa ile ya kusafishia vidonda, yanaumuka povu papo hapo, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kinaivunja. Ukiyachemsha kwanza, hayafanyi kitu. Joto limekiua. Nilishika chupa ili niwaonyeshe, mkono ukatetemeka hadi dawa ikamwagika mezani, ikanirukia hadi kwenye gauni.

"Madam, uko sawa?" akauliza msichana wa mbele.

"Niko sawa. Andikeni. Kimeng'enya kimoja, kazi moja. Cha kuvunja wanga hakivunji nyama, cha nyama hakigusi mafuta..."

"Madam, si uende polepole kidogo, hatujaandika."

Darasa likacheka. Nilicheka pia, lakini nilisikia sauti yangu mwenyewe ikikimbia mbele yangu, nami siwezi kuishika.

Wakati huo kukonda kulikuwa na maana moja tu. Kila mtu alikuwa amezika mtu, na hakuna aliyetaja ugonjwa wenyewe kwa jina. Walisema fulani "amepungua", basi. Nilianza kuona walimu wenzangu wakinyamaza nikiingia chumba cha walimu. Kikombe changu kilitengwa dirishani, peke yake. Tulipoenda Myanga wakati wa likizo ya Agosti, mama mkwe wangu alinitazama nikimaliza kuku na bado natafuta mchuzi, akasema mbele ya wote, "Huyu mtoto anakula vizuri, lakini chakula kinaenda wapi?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mume wangu aliinamisha kichwa, akaacha kula.

Aliongea kesho yake, tukiwa njiani kwenda barabarani na mtoto mgongoni kwangu.

"Uko na kitu unataka kuniambia?"

"Kitu gani?"

"Wewe ni mwalimu wa hayo mambo. Unajua."

Nilisimama. Nilitaka kumpigia kelele, maana siku hizo hasira zangu zilikuwa karibu sana, hata mtoto akimwaga uji nilifoka halafu nikalia. Lakini nilimwona usoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa kama mimi.

"Sijatoka nje ya nyumba yetu," nikamwambia. "Na wewe?"

"Hata mimi."

"Basi twende tupimwe wote wawili."

Tulikwenda hospitali moja mjini Bungoma juma lililofuata. Nilikaa kwenye benchi nikainuka, nikakaa, nikainuka, hadi mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa akaniambia, "Dada, unanizungusha kichwa." Daktari alikuwa kijana, pengine wa umri wangu. Nilianza kumweleza haraka haraka, nikaruka kutoka sketi hadi moyo hadi madirisha. Hakuniandikia kitu. Alinitazama tu machoni, muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Macho yako yamekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Makubwa. Kama mtu aliyeshtuliwa."

Mume wangu akajibu, "Kama tangu Pasaka."

Daktari aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Ile karatasi ilicheza kama jani. Akanipa maji kwa kikombe, akasimama nyuma yangu, vidole vyake shingoni. "Meza." Nikameza. "Meza tena." Nilihisi kitu kidogo kikipanda na kushuka chini ya vidole vyake. Nilikuwa nimewaona sokoni Kitale kina mama wa mlimani wenye uvimbe wa shingo mkubwa kama chungwa, na sikuwahi kufikiri kuwa mimi naweza kuwa na kitu hapo, kwa sababu kwenye kioo shingo yangu ilikuwa ya kawaida, nyembamba tu.

"Mwalimu," akasema, akikaa, "wewe unafundisha mwili unavyotumia chakula. Kinachomwa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake."

"Ndiyo."

"Sasa kuna tezi hapa shingoni. Inatoa homoni inayoamua mwendo. Yako imekataa kusimama. Inaambia mwili wote uchome, uchome, uchome. Unakula, lakini mwili umeshamaliza chakula, sasa unakula nyama yako mwenyewe. Joto lako, moyo, hasira, ni hiyo."

Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si ule mwingine?"

"Ule tutapima pia. Msiogope kupima."

Damu ya kupima tezi ilipelekwa mbali, majibu yakachelewa. Majibu ya ule mwingine yalitoka kwanza. Hatukuwa nao, si mimi, si yeye. Tulitoka nje tukakaa chini ya ukuta wa hospitali, mume wangu akafunika uso kwa kofia yake. Mimi nilishindwa hata kulia nikiwa nimekaa. Nililia nikitembea, nikienda na kurudi mbele yake, hadi askari wa lango akatuuliza kama tumefiwa.

Majibu ya pili yalipokuja nilipewa vidonge vya aina mbili. Kimoja kilikuwa cha kutuliza moyo na mikono, na hicho kilifanya kazi baada ya siku chache. Kingine ndicho kilichokuwa dawa yenyewe. Daktari alinieleza kwamba ndani ya tezi kuna kimeng'enya kinachochukua madini ya iodini, yale yanayowekwa kwenye chumvi, na kuyaunganisha ili homoni itengenezwe. Kidonge kinakizuia hicho kimoja.

"Lakini tezi ina akiba," akasema. "Itaendelea kuimwaga kwa majuma kadhaa. Usiache dawa ukiona hakuna kitu. Na ukipata homa na koo kuuma, huenda dawa imeshusha kinga ya damu; acha vidonge uje hapa siku hiyo hiyo. Usingoje."

Majuma hayo yalikuwa marefu kuliko yote. Kujua hakukunisaidia kukaa. Nilijua jina la kila kitu kilichokuwa kinanikimbiza, nikaendelea kukimbizwa. Kila asubuhi nilijishika shingo. Nililima shamba lote kabla ya wakati. Halafu siku moja darasani niliona mwanafunzi anafunga dirisha, na sikumkataza. Nilisikia baridi. Nilikwenda kuchukua sweta ofisini, nikalivaa polepole, kitufe kimoja baada ya kingine, na mikono ilikuwa imetulia.

Nilinenepa. Walimu walianza kunichangamkia, na mmoja akaniambia kwamba maombi yao yamejibiwa.

Jirani yangu katika ile ploti ya vyumba vya kupanga alikuwa mwanamke wa Naitiri, muuza sukuma wiki, mjane mwenye watoto. Katika miezi ile mibaya yeye peke yake alikuwa bado ananiita tunywe chai pamoja. Mwaka uliofuata akaanza kupungua. Jioni moja aliingia kwangu, akafunga mlango.

"Mwalimu, nigawie zile tembe zako."

"Zipi?"

"Zile zilikurudisha. Hata mimi sasa unaona. Nimekula, nimekula, wapi."

Nilimtazama. Mikono yake haikutetemeka. Alikuwa amejifunga leso mbili na sweta, bado anasikia baridi. Mdomoni alikuwa na vidonda vyeupe, na alikula kidogo sana, hata kama alisema vingine. Nilimwomba anyooshe shingo, ameze mate. Hakukuwa na kitu.

"Hizi hazitakufaa," nikasema. "Zinatibu kitu kimoja tu, na hicho wewe huna. Zinaweza kukuumiza."

"Unaninyima?"

"Sikunyimi, dada. Kama zingekusaidia ungeondoka nazo zote."

Alikaza leso zake. Kisha akasema, "Kwa hivyo wewe ulikuwa na ugonjwa mzuri."

Nilimpeleka Bungoma kwa daktari yule yule, nikakaa naye kwenye benchi, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nimetulia. Alipotoka kwa daktari, majibu yake alinionyesha kwa kutikisa kichwa tu. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kumpa mtu kama yeye, ila za vidonda, za kifua na za maumivu. Alirudi kwa mama yake Naitiri kabla ya mvua. Nilikwenda kumwona mara kadhaa, nikimpelekea maziwa na matunda. Mara ya mwisho alikunywa uji vijiko vichache, akaniuliza kama mahindi ya Kiminini yameota vizuri. Nikamwambia yameota. Alikufa kabla hayajafika magotini.

Kwenye mazishi watu walisema amerogwa na wauzaji wenzake. Mama yake alikuwa amewashika wajukuu wawili mikono. Nilikuwa nasaidia kuosha vyombo nyuma ya jikoni wakati mwanamke mmoja wa rika langu, ambaye sikumjua, alipoinama karibu nami kama anayetafuta sahani.

"Wewe ndiye mwalimu alikuwa anampeleka hospitali?"

"Ni mimi."

"Mahali hapo wanapima mtu bila kumtangaza?"

"Hawatangazi."

Aliosha sahani, akaisuuza, akaiosha tena ile ile. "Na mtu anaenda na bwana, ama anaenda peke yake?"

"Vyovyote. Ukitaka nitakwenda na wewe. Jumatatu shule imefungwa."

Aliniangalia, kisha akaangalia mlangoni kama kuna anayesikia. "Basi Jumatatu," akasema.