Unywele Wake Kwanza

Mtaalamu wa vinasaba anayezungukia mabanda yetu hachomoi unywele wa mkia wa ng'ombe kabla hajachomoa mmoja kichwani mwake. “Unaona, mama? Hauumi,” humwambia mwenye ng'ombe, machozi yakimlengalenga. Kisha huvuta ule wa ng'ombe pamoja na mzizi wake, akautia kwenye bahasha. Si ajabu upara unamnyemelea. Mama jirani alitaka kumjua baba wa mtamba wake, asije akampandisha kwa dume lililomzaa. Majibu ya maabara yakasema sampuli ni ya binadamu. Mtaalamu alirudi mwenyewe, kofia mkononi. “Nimechanganya, mama. Nisamehe.” Mama jirani alicheka mpaka akakaa chini. Bwana yule akaushika mkia, akasita, akachomoa kwanza unywele wake. Safari hii alimpa mama unywele huo aushike mpaka bahasha ifungwe.