Vichwa Kuelekea Ziwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupanga samaki vichwa vikielekea ziwa. Leo, sokoni Kakuma, harufu ya samaki wakavu imenirudisha ufukweni, kwenye chanja za mama za kukaushia samaki, zilizotulisha. Safu zangu nilikuwa nimezinyoosha kwa kamba.

“Wewe, mwalimu wa mistari,” nyanya alinicheka, kisha akaacha kucheka. “Geuza hizo zote. Samaki ikiona kwao, inaita maji.”

Niligeuza mmoja mmoja. Asubuhi, miguu ya chanja ilikuwa ndani ya maji.

“Si wewe uliyeyaita,” mama aliniambia, akinishika bega. Hata leo simwamini kabisa.

Maji hayakurudi nyuma tena; sasa mama anauza makaa Lodwar, na wavuvi wanatega nyavu palipokuwa jiko letu.