Nilimshtaki Mtani kwa Kopo la Vikaratasi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anisaidie kulibeba. Nilimshtaki mtani wangu. Msomaji uliyezaliwa Handeni au Korogwe umekwisha kunielewa, na pengine umeshalitupa gazeti pembeni. Wewe wa mbali nivumilie nikueleze.

Wakati ule wa Mwingereza nilikuwa karani katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Nilivaa soksi ndefu mpaka magotini, na mfukoni nilichomeka kalamu mbili, moja haina wino. Mtaa wetu wa Manundu mzima niliutangazia kwamba mimi ni mwandishi wa hadithi. Hadithi gani? Hiyo ndiyo iliyokuwa haijapatikana.

Nilichokuwa nacho ni kopo la biskuti lililojaa vikaratasi. Kila wazo liliponijia nililiandika nyuma ya fomu kuukuu ya shamba, nikalitumbukiza humo. Mfalme aliyelishwa sumu. Mpelelezi wa London, mji ambao sijauona hata kwa mbali. Mapacha waliopotezana melini, na mimi meli sijaipanda. Kisha nikataka kuyaunganisha yote yawe kitabu kimoja kikubwa! Mpelelezi akamwoa pacha, mfalme akawa baba wa mpelelezi, na mtu niliyemuua mwanzoni nikamhitaji tena mwishoni. Miaka mitatu ikapita hivyo. Mtu akiniuliza nimefika wapi, nilijibu kwa sauti ya mkubwa, "Napanga."

Mtani wangu aliitwa Maganga. Alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, mmoja wa manamba walioletwa kwa mkataba kutoka Tabora. Mimi ni Mzigua. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za babu zetu. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia akaenda nayo, na wewe kazi yako ni kucheka. Kukasirika ni aibu. Kumpeleka mtani mbele ya wakubwa ni jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia.

Kila Jumapili tulikunywa chai kwa Mama Zaina, pale Manundu.

"Mtumwa wangu," Maganga aliniuliza siku moja, "hadithi imefika wapi?"

"Napanga, mpagazi wangu."

"Miaka mitatu unapanga tu. Basi wewe ni mpangaji. Utajenga lini nyumba yako?"

Kuanzia siku hiyo Manundu wakaniita Mpangaji. Nilicheka kwa meno, moyoni nikaweka kinyongo.

Jumapili iliyofuata asubuhi, nilipokuwa nimetoka kuchota maji, Maganga aliingia kwangu akachukua kopo. Nilimkuta kwa Mama Zaina amechuchumaa mbele ya jiko la chai. Alisoma vikaratasi kimoja kimoja akifuatisha maneno kwa kidole, kama alivyofundishwa misheni, kisha akavitia motoni. Mfalme akaenda. Mpelelezi akaenda. Watu walikuwa wamejishika mbavu.

"Nakuzikia wanao, mtani," akasema. "Walikufa siku nyingi, wewe umekaa nao tu ndani." Akaninyooshea kikaratasi kimoja. "Huyu peke yake ndiye mzima."

Kiliandikwa: Mama na ng'ombe wa Mmasai.

Mama yangu, kule Chanika ya Handeni, aliwahi kumfungia jikoni ng'ombe wa Mmasai aliyekula mahindi yake. Akaapa hamtoi mpaka mwenyewe aje. Mmasai alipokuja alisema neno moja tu, ambalo mama hakuwahi kunitajia, mama akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamfungulia ng'ombe. Ndiyo hadithi yenyewe, hakuna mfalme wala meli.

"Hii umenisimulia mara ngapi, tena bila karatasi?" Maganga aliuliza. "Zile nyingine unasahau hata nani amekufa. Anza na kichwa cha ng'ombe kinachungulia mlangoni. Andika hilo tu. Yanayofuata utayaona ukifika."

Nionyesheni mwalimu aliyewahi kunifundisha vizuri namna hiyo. Na mimi, bwana mkubwa wa soksi ndefu, nilisikia nini? Nilisikia mkata mkonge anamfundisha karani.

Jumatatu nikaenda kwa meneja, nikasema Maganga ameiba karatasi za ofisi na kuzichoma. Wala sikusema uongo, maana watu wa aina yangu hatusemi uongo. Upande mmoja zilikuwa hadithi zangu, upande wa pili zilikuwa fomu za shamba.

Maganga aliitwa. Alijibu kwa maneno matatu, "Ni mtani wangu."

Meneja akanigeukia nimfasirie, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Akataka kujua mtani maana yake nini. Nikamwambia neno hilo halina maana.

Kipande cha Maganga, ile kadi yake ya kazi, kikachanwa palepale, na siku hiyohiyo akapandishwa lori la Morogoro ili akashike treni ya Tabora. Hakunitukana. Aliniita tu kutoka juu ya mizigo, "Mpangaji, ng'ombe anakungoja."

Mwezi uliofuata nilikwenda Chanika kumwuliza mama lile neno la Mmasai, maana nilitaka hatimaye kuanza kuandika. Habari zilikuwa zimenitangulia. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Umemshtaki mtani?"

"Mama, alinichomea karatasi zangu."

"Ng'ombe ni wangu," mama akasema, "na neno ni langu. Utalipata siku utakapomleta huyo Mnyamwezi hapa, nimwombe radhi mwenyewe."

Nikaahidi kumwandikia Maganga barua. Miaka miwili ikapita sijaiandika. Nilikuwa naipanga.

Mama akafa. Kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akakataa kutoka mpaka abembelezwe, na wafiwa hujikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Wanyamwezi wa shambani walipelekewa habari. Hakuja hata mmoja. Tulimzika mama kimya kimya, na ndugu zangu wote walijua ni kwa sababu ya nani.

Hadithi sasa nimeianza. Kichwa cha ng'ombe kinachungulia mlangoni, mama amesimama na mwiko, Mmasai amefika na anafungua mdomo. Hapo ndipo nilipokwama, na nimebaki hapo, kwa sababu aliyelijua neno lile nimemzika.

Wewe mwenye kopo lako uvunguni, usiniambie kwamba unapanga. Chukua ile moja unayoisimulia bila kuangalia karatasi, uiandike leo, wakati wenye nayo bado wapo wa kuulizwa. Na mtani wako akija kukuchomea zilizobaki, mpe kiberiti.