Mguu wa Ramadhani Wakati wa Mbalamwezi

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi Ujiji na stashahada yangu ya fiziotherapia, niliyoilipia mwenyewe kwa kubeba zege Dar es Salaam, simu ilipoingia. Binamu yangu Ramadhani, mvuvi wa dagaa katika kijiji cha kaskazini, alikuwa ametegua kifundo cha mguu akishuka mtumbwini.

"Njoo, shemeji," alisema mkewe, Mwajuma. "Mbalamwezi inaisha keshokutwa, na huyu anataka kwenda ziwani."

Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwaka, wavuvi hupumzika.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa Kibirizi, boti za kaskazini zinakoanzia, na bandeji zangu na sanduku la barafu. Boti ilichelewa kuondoka. Tulipotoka, ziwa lilikuwa la buluu nzito, na milima ya Kongo ilisimama ng'ambo kama imechorwa. Nimezaliwa kando ya maji haya, lakini siku ile niliyatazama njia nzima.

Saa nane mchana nilifika. Mbele ya nyumba alikuwa Mzee Sefu, nahodha wa Ramadhani, akichochea moto chini ya sufuria.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, daktari. Nasikia umekuja na barafu."

Nikafungua sanduku. Maji matupu.

"Maji tunayo," akasema, akinionyesha ziwa.

Ndani, Ramadhani alikuwa amelala, mguu umeinuliwa juu ya rundo la nyavu. Kifundo kilikuwa kimefungwa kipande cha kitenge, na juu yake kitambaa kilicholowanishwa maji ya mtungi, baridi kweli. Nikabonyeza mifupa ya kifundo, nikamsimamisha akanyage hatua nne. Alichechemea, lakini aliweza. Mfupa haukuvunjika.

"Kitambaa nakiweka kwa muda mfupi, natoa, baadaye narudia," alieleza Mwajuma. "Vidole vikiwa vya baridi au vikifa ganzi, nalegeza kitenge."

Hayo ndiyo niliyofundishwa mimi mwenye cheti kwenye fremu. Nilimwuliza alisomea wapi.

"Baba alikuwa kuli bandarini Kigoma. Kila wiki alikuwa na kiungo kimoja kibovu."

Mzee Sefu akaingia na sufuria ya maji ya moto. "Tumkande, aamke."

"Hapana, Mzee," nikasema. "Siku hizi za mwanzo, moto na kukanda vinazidisha uvimbe."

"Nafasi yangu mtumbwini itachukuliwa," Ramadhani akasema, akijaribu kuinuka.

Mwajuma akamrudisha chini. "Baba watoto, mbalamwezi ikiwaka, nani anaingia ziwani?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Dagaa hawaji."

"Basi mguu wako uko kwenye mbalamwezi. Ukienda nao, unarudi mtupu, na mguu umeharibika."

Mzee Sefu akatoka na sufuria yake. "Atakwenda giza la mwezi ujao," akasema kutoka mlangoni. "Nafasi yake namshikia mimi."

Kesho yake asubuhi, kabla ya boti, nilimfundisha Ramadhani jinsi ya kuchezesha kifundo taratibu maumivu yakipungua. Nikarudi Ujiji. Giza la mwezi uliofuata lilipoingia, Mwajuma alinipigia: Ramadhani ameondoka na wenzake kuvua, anatembea vizuri.

Stashahada yangu bado iko ukutani, na bado naionyesha kwa wageni. Ila siku hizi mgonjwa akiletwa, kwanza namwuliza aliyemleta, "Nyumbani mmemfanyia nini?" Na kando ya kitanda changu cha kutibia nimeweka mtungi.